Nzi wa Sahani ya Kumi na Mbili

Wiki jana mliniacha barabarani kati ya Riyadh na Jeddah, nimekunja magoti kiti cha nyuma, huku sanduku la sahani likiwa limeketi mbele kando ya dereva, limefungwa mkanda.

Mkanda wangu mimi ulikuwa umekatika. Nilisema. Nikaambiwa halas, basi, Jeddah si mbali. Ni karibu kilomita elfu moja.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Truphena, mama Ashley, wa Vihiga. Napika, naosha na kupiga pasi kwa Madam Ibtihal, ambaye mumewe alihamishiwa kazi Jeddah, na ambaye ana ugonjwa mmoja tu duniani, sahani kuukuu za Waingereza. Si za kulia. Za kutazama. Anazo kumi na moja za seti moja, zilizochorwa kwa mkono kabla nyanya ya nyanya yangu hajazaliwa, na amezunguka maduka na minada miaka tisa akiitafuta ya kumi na mbili. Kule Riyadh, tulipokuwa tukikaa Olaya, niliwahi kutia moja kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Sahani ilitoka salama. Asiyetoka salama ni mimi, na yaliyofuata mliyasoma.

Tangu siku hiyo nazishika kwa glavu nyeupe za pamba. Nikizivaa nacheka peke yangu. Shamba moja la maua Naivasha walinifukuza kwa kuongoza mgomo wa kudai glavu. Leo nimevuka bahari, nimepewa glavu, kumbe ni za kuzilinda sahani dhidi yangu.

Sasa nakiri la wiki hii.

Mimi sisahau. Nakumbuka Ijumaa zote mia moja na kumi na mbili nilizofanya kazi katika nchi hii bila kupumzika, na kwa kila moja naweza kukuambia nilipika nini. Sheria yao wenyewe inasema mfanyakazi wa nyumbani ana siku moja ya mapumziko kila wiki. Nimeisoma kwenye simu mpaka naijua kama sala. Kila nikiisoma kwa sauti, Madam ananiuliza kama vitunguu vimeiva.

Ashley wangu ana miaka saba. Nikimaliza kazi yeye keshalala, basi mama yangu humwekea simu karibu na pua nisikie anavyopumua. Naijua pumzi ya mtoto wangu kuliko ninavyoijua sauti yake. Nilichokitaka ni Ijumaa, basi. Atoke shule anikute nimekaa, simu mkononi, mafi kazi, yaani hakuna kazi.

Na Madam alikuwa na msemo wake kila akija mgeni, "Atakayeniletea ya kumi na mbili nitampa atakacho." Aliusema mbele yangu. Mtu kama mimi haambiwi neno kama hilo, ukategemea upepo utalichukua.

Tulikuwa na siku tatu tu katika nyumba mpya ya mtaa wa Al-Baghdadiyah. Jumatatu, baada ya alasiri, mlango wa jikoni ukagongwa. Alikuwa Beldina, msichana wa kazi wa jirani, Mkenya mwenzangu wa Siaya. Tulijuana siku ile ile tuliyoshusha mizigo, nikamsimulia juu ya ndege wa kuchekesha aliyechorwa kwenye sahani za bosi wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Leo alikuwa amebeba kitu kilichofunikwa karatasi ya kung'aa.

"Mama Ashley, mzee wangu amewatumia basbusa. Kuleni kwa adabu, si kama Waluhya kwenye matanga."

"Maajabu," nikamwambia. "Mjaluo amebeba sahani na bado hajaniambia imesomea chuo gani."

Akaingia, akaketi kwenye ndoo. Mzee wake ni Bi Khairiya, ajuza mjane anayeishi peke yake mlango wa pili. Beldina alikuwa analalamika juu yake. Keki hiyo ya basbusa aliiweka kwanza kwenye sinia ya chuma, akarudishwa. Akaiweka kwenye sahani ya kioo, akarudishwa tena. Bi Khairiya alitaka ile ya ndege tu, ile kuukuu, na kabati limejaa vyombo. Beldina akaniomba sahani irudi kesho bila kukosa, kwa maana yeye tarehe ishirini anakwenda likizo na hataki kelele za vyombo. Halafu akanichoma pasipo kujua. Akasema Ijumaa iliyopita alilala mpaka adhuhuri, kwani mzee wake akilala na yeye analala.

Alipokwenda nilikula vipande vitatu nimesimama. Kipande cha nne kilifunua jicho.

Nililijua jicho lile. Ni la yule ndege ambaye Mwingereza alimchora bila kumwona. Ana shingo ya bata mzinga, mkia wa jogoo, na uso wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Naosha kumi na mmoja wa aina yake kila wiki. Nikala haraka mpaka akatokea mzima.

Ukingoni palikuwa na nzi. Nikampunga. Akakaa. Nikampiga kwa kitambaa.

Hakuruka.

Hapo nikakaa mimi. Madam alikwisha nieleza zamani, siku moja alipokuwa na furaha. Sahani ikitoka tanurini na kitobo, mafundi wale hawakuitupa. Walichora mdudu juu ya kitobo. Zetu zina kipepeo, kombamwiko, mavu na kadhalika, na vitabu vya Madam vinasema iliyopotea ina nzi. Nilipoambiwa habari hiyo niliwaelewa Waingereza kwa mara ya kwanza. Kwetu pia walitoboa wakachora, ila kwetu walichora bendera.

Nikaivua sahani keki iliyobaki, nikaificha ndani ya tanuri baridi, nikaenda sebuleni.

"Madam, ukiletewa ya kumi na mbili, mtu utampa atakacho?"

"Yalla, Truphena, wali utaungua."

"Leo mafi wali. Jibu kwanza."

Alinitazama kama kiti kimesema. Nikamtajia nzi, na ukingo upi, na anaangalia wapi. Hakuuliza tena habari ya wali.

Nilitaka maandishi. Ahadi ya mdomo nilipewa Naivasha, nikalala nayo njaa. Tukaandika karatasi moja, upande mmoja Kiarabu, upande mmoja Kiswahili, na shahidi akawa Elkanah, dereva wetu, Mkisii mwenye maneno. Vifungu vilikuwa vitatu. Cha kwanza, Truphena atapumzika Ijumaa kutwa nzima, simu mkononi mwake. Cha pili alikitia Madam, kwamba hayo yatakuwa maadamu sahani kumi na mbili ziko pamoja. Cha tatu nilikitia mimi kwa ujanja wangu, nisije nikafukuzwa kesho yake. Sahani hizi hataziosha wala kuzitunza mfanyakazi mwingine yeyote isipokuwa Truphena.

Elkanah alikisoma cha tatu mara mbili.

"Dada, hapa umejifunga. Ni ng'ombe anayeandikia kamba yake cheti."

Nikamwambia yeye hajaongoza mgomo hata wa darasa la nne, atie sahihi aende akaoshe gari. Akatia.

Nikaitoa sahani tanurini. Madam alipangusa sukari kwa kidole chake mwenyewe, akaigeuza, akaona alama ya mgongoni, akaketi sakafuni. Sakafu ya jikoni, jamani, ambayo alikuwa akiijua kwa soli za viatu tu. Akanibusu kichwa. Akauliza nimeitoa wapi.

"Ni ya jirani. Inarudi kesho."

Busu likaisha pale pale. Akasema hairudi. Akasema niende nikamwambie Bi Khairiya imevunjika, nimpelekee nyingine kumi, mpya, za dukani.

Hapa ndipo kumbukumbu inapogeuka kuwa kidonda. Nyanya yangu Rosebellah alifanya kazi kwa memsahibu mmoja Kitale. Mbwa wa nyumba aliangusha sahani ya buluu, ikasemwa Rosebellah ndiye aliyeivunja, akafukuzwa, vigae vya sahani ndani ya leso. Akatembea mpaka Vihiga. Alihifadhi kigae kimoja kwenye mkebe wa kahawa, na Krismasi kwetu haikuanza mpaka kimepita mkono kwa mkono, kila mjukuu akishike. Kuku alifuata baadaye.

Kwa hiyo nilijua. Ile sahani ikivunjika kwa mdomo wangu, itakuwa imevunjwa na mkono wa Beldina, na likizo yake ya tarehe ishirini itavunjika nayo. Wakati huo huo nilijua kwamba isipobaki, kifungu cha pili kinaifuta Ijumaa yangu kabla haijazaliwa. Nilisimama na glavu zangu pale katikati, na nakiri kwamba kwa muda wa pumzi tatu nne hivi nilimfikiria Ashley, na Beldina sikumfikiria.

Halafu nikasema. "Madam, sahani ya jirani lazima irudi, na hairudi tupu. Kwetu ni hivyo, na kwenu ni hivyo. Ukiipenda, nenda ukaiombe."

"Sisi hatuombi," akasema. "Tunasifu."

Akanifundisha. Ukiingia nyumba ya mtu ukasifu kitu chake, mwenyewe atasema ni chako, kichukue. Hiyo ni adabu tu. Wewe unakataa. Anasisitiza, unakataa. Mara ya tatu akisema kwa moyo, unakipokea huku unaona haya. Mara tatu, akarudia, akininyooshea vidole vitatu kama mwalimu wa chekechea.

Nilisikia. Kusikia nilisikia.

Jumanne tukaenda. Sahani niliibeba mimi, juu yake mandazi kumi na manne ya iliki niliyoyakaanga mwenyewe, kwa kuwa hairudi tupu. Bi Khairiya ni mdogo, mkavu kama njiti ya kiberiti, lakini macho yale yalitupokea kabla ya mikono. Beldina alileta kahawa. Madam akasifu mapazia. Akasifu kahawa. Akasifu hewa ya Jeddah, ambayo mwezi huu ni supu. Mwishowe akasifu sahani.

"Ni yako," akasema Bi Khairiya.

Wasomaji, nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Mimi nimekaa meza moja na mameneja. Mikutano yote niliyoingia maishani imenifunza kitu kimoja. Mwajiri akitamka ndiyo, usimpe nafasi ya kuvuta pumzi, maana pumzi ya pili itakuja na lakini. Nilipoisikia ile "ni yako" sikuwa tena sebuleni kwa watu. Nilikuwa Naivasha, na meneja ametamka.

"Anakubali," nikasema. "Tunashukuru sana, mama."

Nikayamwaga mandazi kwenye sinia ya kahawa, nikaifuta sahani kwa aproni, nikaitia mkobani.

Madam alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Beldina alijifanya anahesabu vikombe. Bi Khairiya peke yake ndiye aliyecheka, kicheko kidogo cha puani.

"Mara ya kwanza tu," akasema. "Kumbe nyumba yenu inakubali mara ya kwanza. Vizuri. Nitakumbuka."

Ilinipasa kuogopa hapo. Mtu wa kumbukumbu namjua nikimwona. Ila nimezoea kumwona kwenye kioo.

Madam alininunia siku mbili. Lakini sahani aliiweka kabatini na wenzake, na karatasi yetu akaikunja akailaza chini ya ile ya nzi, akasema mkataba na ukae na mali yake. Kwa aibu ya Jumanne ikabidi Bi Khairiya aalikwe, na kwa majivuno Madam akawaalika pia wanawake wawili wa Riyadh, wakusanyaji wenzake, ambao miaka yote walimcheka kwamba seti yake ni kama mdomo wenye pengo. Wakapanda ndege kuja kuliona pengo limezibwa. Siku ikawekwa Alhamisi alasiri.

Kesho yake ingekuwa Ijumaa yangu ya kwanza. Ashley nilikwisha mwambia, kupitia mama yangu. Nikaletewa jibu kwamba ana wimbo wa shule wa kuniimbia, na kwamba ni mrefu, na nisikate simu katikati.

Alhamisi wakaja. Wale wa Riyadh waliposimama mbele ya kabati hawakuongea, na kutoka kwao hiyo ilikuwa pongezi. Bi Khairiya akaingia mwisho, Beldina nyuma yake na mkoba. Akavaa miwani. Akaomba azishike.

Mimi ndiye niliyekuwa nampa moja moja, glavu mkononi. Kila sahani aliigeuza kwanza mgongo. Kisha akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza inavyolia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akapokea nyingine. Ajuza anayepakulia basbusa kwenye sahani ya maonyesho alijifunza wapi kugonga kaure kwa ukucha?

Alipoinua ya nzi akaiona karatasi. Akaikunjua, akaisoma upande wa Kiarabu polepole mpaka mwisho, akaikunja, akabaki nayo mkononi.

"Mashallah, Ibtihal," akasema. "Nzuri mno, zote."

Madam alikuwa amevimba kwa furaha, wageni wawili wanamtazama. Akasema kile alichofunzwa na mama yake, naye mama yake na mama yake.

"Ni zako, mama. Zote. Hazina thamani mbele yako."

"Nimekubali," akasema Bi Khairiya.

Madam akacheka. Akagundua anacheka peke yake.

"Unatania, mama."

"Juzi kwangu ulikuwa utani? Nilisema ni yako, mkakubali mara ya kwanza, msichana wako akaifuta, akaitia mkobani. Na mimi leo nimekubali mara ya kwanza. Hawa wawili ni mashahidi."

Wanawake wa Riyadh wakatazama zulia. Lakini hawakukanusha. Nadhani walikuwa wakifurahia kuliko siku zao zote.

Kisha yule bibi akakaa, akasema jambo ambalo nimelala nalo mpaka leo. Sahani zile zilikuwa za baba yake. Alizipata kwa nahodha mmoja Mwingereza, zikakaa nyumbani kwao hapa hapa Jeddah, kumi na mbili. Alipokuwa msichana kaka zake waliziuza, na yeye hakuna aliyemuuliza. Akaiba moja usiku wa kufungasha, akaizika ndani ya gunia la unga. Ndiyo hii ya nzi. Na wiki iliyopita Beldina alirudi nyumbani akicheka, akamsimulia kuna jirani mpya ana ndege kumi na mmoja wenye sura ya msiba.

"Nikajua zimerudi," akasema. "Nikatuma moja iende ikawaite wenzake. Sahani ya jirani lazima irudi, sivyo? Na hairudi tupu."

Nilimtafuta Beldina kwa macho. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Nilitaka kumkasirikia yule ajuza, hasira ikanikatalia. Nilikuwa nakiona kigae cha buluu kwenye mkebe wa kahawa. Nyanya yangu naye angeweza kungoja miaka yote hiyo. Naye angeifanya keki kuwa chambo. Ila chambo kile kilikuwa kinaondoka na Ijumaa yangu, kesho tu, na wimbo mrefu ndani yake.

Bi Khairiya akainua karatasi.

"Na hii je? Zikiwa pamoja, huyu anapumzika Ijumaa. Wala hakuna mfanyakazi mwingine wa kuzitunza ila yeye. Mimi sivunji mikataba ya watu. Sahani zinakuja kwangu, na Truphena anakuja nazo. Ikama yake, kibali cha kuishi hapa, tutaihamisha."

"Truphena ni wangu," akasema Madam, haraka, kama mtu anayeshika kikombe kinachoanguka.

Wangu. Nimeambiwa mengi nchi hii, lakini lile neno liliingia mahali ambapo hata maneno ya siku ile ya mashine ya kuoshea vyombo hayakufika. Na nakiri, kifungu cha tatu nilikiandika mimi, kwa mkono huu. Mimi ndiye niliyejitia kwenye seti. Kule nje, nilijua, Elkanah alikuwa anaosha gari, naye hataacha kunikumbusha ile kamba.

"Basi aulizwe," akasema Bi Khairiya. "Sahani ziliuzwa bila mimi kuulizwa. Huyu aulizwe."

Wakageuka wote wanne. Tangu nilipotua nchi hii hakuna aliyewahi kuniuliza ninachotaka, hata kama nataka chai. Upande mmoja Madam, macho yakiniomba, na karatasi isiyo na sahani tena. Upande mwingine mzee anayelala Ijumaa mpaka adhuhuri, na msichana wake analala. Jibu lilikuwa ulimini, limekaa tayari, limevaa viatu.

Nikamwona Beldina. Alikuwa mlangoni, nyuma ya kiti cha bosi wake, ameziba mdomo kwa kiganja, na kichwa kinatikisika: hapana, mama Ashley, hapana, hapana. Ananionya au analinda nafasi yake, sikujua.

Na wakati huo huo simu ikaanza kulia mfukoni mwa aproni yangu. Niliichomoa. Ni mama yangu, wa Vihiga. Mtoto wa miaka saba umemwambia Ijumaa, naye ametoka shule Alhamisi na wimbo wake kooni, hawezi kungoja.

Nikasugua kioo cha simu kwa kidole. Nikasugua tena. Bi Khairiya ananingoja, Madam ananingoja, simu inalia.

Glavu za sahani hazifungui simu.